Robert Schuman, Mtu wa Mpakani Aliyetuma Mjumbe kwa Adui

Robert Schuman alizaliwa tarehe 29 Juni 1886 huko Clausen, katika mji wa Luxembourg. Baba yake alikuwa Mfaransa wa Lorraine ambaye, Ujerumani ilipoitwaa sehemu ya mkoa huo baada ya vita vya 1870, aligeuka kuwa raia wa Ujerumani. Kwa sheria, basi, mtoto naye alizaliwa Mjerumani. Alisomea sheria Bonn, Munich, Berlin na Strasbourg, na mwaka 1912 akafungua ofisi ya uwakili mjini Metz. Baada ya vita vya 1914 hadi 1918 mpaka ulihama tena, naye mwaka 1919 akachaguliwa kuingia Bunge la Ufaransa.

Mama yake, aliyemlea katika ibada, alifariki kwa ajali mwaka 1911. Katika majonzi hayo kijana Schuman alifikiria kuwa padre. Rafiki yake alimshauri abaki mlei, kwa kuwa ulimwengu ulihitaji pia watakatifu wanaovaa suti. Aliupokea ushauri huo kwa uzito wote. Hakuoa, aliishi maisha ya kawaida sana, na alijitahidi kushiriki Misa Takatifu kila siku hata alipokuwa waziri.

Maisha yake yana doa ambalo si haki kulificha. Julai 1940, Ufaransa ilipokwisha kushindwa, alikuwa miongoni mwa wabunge wengi waliompigia Marshal Pétain kura ya kumpa mamlaka yote. Baada ya vita kura hiyo ilimletea aibu na kumzuia kugombea, hadi zuio hilo lilipoondolewa mwaka 1945. Hata hivyo, miezi miwili tu baada ya kura ile polisi wa siri wa Kinazi walimkamata. Alifungwa Metz kwa miezi saba, kisha akawekwa kizuizini Neustadt, Ujerumani. Agosti 1942 alitoroka, akaishi mafichoni, mara nyingi katika nyumba za kitawa.

Mtu aliyetendewa hivyo angeweza kutafuta kisasi, na katika Ufaransa ya wakati ule hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alipokuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, kuanzia Julai 1948, alitafuta jambo jingine. Makaa ya mawe na chuma cha pua ndivyo vilivyotengeneza mizinga ya pande zote mbili. Jean Monnet alipomletea pendekezo la kuviweka chini ya mamlaka moja ya pamoja, aliliona kuwa la kweli, akakubali kubeba lawama zake.

Ujerumani ya Magharibi haikuwa na balozi Paris wakati huo. Haikuwa hata na wizara ya mambo ya nje. Schuman alimtuma kwa siri Robert Mischlich, mwanasheria wa ofisi yake, apeleke barua Bonn kwa Chansela Konrad Adenauer, naye pia Mkatoliki. Adenauer alikuwa akiongoza kikao cha baraza la mawaziri barua zilipoingizwa. Alizisoma, akaridhia, na Paris ikapata jibu. Jioni ya tarehe 9 Mei 1950 Schuman alilitangaza pendekezo hilo mbele ya waandishi wa habari. Tarehe 18 Aprili 1951 nchi sita zilitia sahihi mkataba.

Tangazo lile liliitaja pia Afrika, kwamba Ulaya iliyoungana ingeweza kusaidia maendeleo yake. Sisi wasomaji wa Kiafrika tunayo haki ya kusita hapo: sehemu kubwa ya bara letu ilikuwa ingali chini ya ukoloni, na Ufaransa hiyohiyo ilikuwa ikipigana vita Indochina.

Cheo cha balozi kilikuja baadaye, Schuman akiwa amekwisha kuiacha wizara hiyo. Ufaransa ilimweka Bonn André François-Poncet, aliyekuwa balozi Berlin enzi za Hitler na baadaye akafungwa na Wajerumani. Ujerumani ilimteua Wilhelm Hausenstein, mwandishi aliyeingia Kanisa Katoliki mwaka 1940, ambaye mke wake alikuwa wa asili ya Kiyahudi na ambaye Wanazi walimkataza kuandika. Ni vigumu kudhani kwamba uteuzi huo ulikuwa wa bahati nasibu: kila upande ulimtuma mtu aliyeyaonja mateso yaleyale.

Schuman aliliongoza Bunge la Ulaya kuanzia 1958 hadi 1960, kisha ugonjwa ukamrudisha nyumbani kwake Scy-Chazelles, karibu na Metz. Januari 1963 Adenauer na de Gaulle walitia sahihi mkataba wa urafiki kati ya mataifa yao. Schuman alifariki tarehe 4 Septemba mwaka huohuo. Masalia yake yamo katika kanisa dogo la Mtakatifu Quentin, ng'ambo ya barabara kutoka nyumba yake. Mnamo Juni 2021 Papa Fransisko aliridhia hati inayotambua fadhila zake za kishujaa. Ili atangazwe Mwenyeheri, Kanisa linasubiri muujiza kwa maombezi yake.