Jean Calvin, mjane aliyefarijiwa



Katika makanisa yetu ya Kiprotestanti, Jean Calvin tunamjua kama mwalimu. Tunakumbuka vitabu vyake na kazi yake ya kulitengeneza Kanisa katika mji wa Genève. Lakini wengi wetu hatukuambiwa kwamba aliishi mjane miaka 15, na kwamba mke aliyemlilia alitoka kwa watu ambao yeye mwenyewe alipinga mafundisho yao. Habari hiyo inatuhusu sisi ambao kila Jumapili tuna wajane katika viti vya kanisa.

Calvin alizaliwa Noyon, Ufaransa, tarehe 10 mwezi wa saba mwaka wa 1509. Mwaka wa 1538 alifukuzwa Genève, akaenda Strasbourg kuchunga kanisa la wakimbizi Wafaransa. Huko alikutana na Jean Stordeur, mtu wa Liège, na mke wake Idelette de Bure. Hao wawili walikuwa Waanabaptisti, yaani waamini waliokataa kubatiza watoto wachanga. Siku zile Waanabaptisti waliteswa na Wakatoliki na Waprotestanti pia. Wengine walichomwa moto, wengine walizamishwa majini. Katika ukoo wao wa imani wametoka Wamenonite, ndugu zetu wa Kasai, na pia Waamish, waliojitenga mwaka wa 1693 huko Uswisi na Alsace, jimbo ambamo Strasbourg iko. Waamish wanajulikana mpaka leo kwa jambo moja: mtu akifiwa, majirani wa imani huja kupika, kulisha mifugo na kuchimba kaburi kwa mikono yao, ili mwenye kilio akae na huzuni yake bila mzigo mwingine.

Calvin aliwapinga Waanabaptisti kwa nguvu, hata mwaka wa 1544 akatoa kitabu kizima juu ya makosa aliyoyaona kwao. Lakini hakuwafungia mlango Jean na Idelette. Alizungumza nao juu ya Maandiko, nao wakaingia katika kanisa lake.

Mwaka wa 1540 Stordeur alikufa kwa tauni. Idelette akabaki mjane ugenini, pamoja na watoto wawili. Wakati huo marafiki walikuwa wakimtafutia Calvin mke, na shauri lilikuwa limevunjika zaidi ya mara moja. Martin Bucer akamwelekeza kwa mjane huyo. Wakafunga ndoa mwezi wa nane wa mwaka uleule, na Calvin akawa baba wa watoto ambao hakuwazaa.

Mwaka wa 1541 Genève ilimwita tena. Mwaka uliofuata Idelette alizaa mtoto wa kiume, Jacques, kabla ya siku zake kutimia, naye hakuishi hata mwezi mmoja. Adui mmoja alikuja kumcheka Calvin kwamba hana uzao. Yeye akajibu kwamba katika dunia ya Wakristo anao watoto maelfu.

Afya ya Idelette ilizidi kuwa dhaifu. Mwezi wa tatu mwaka wa 1549 kila mtu aliona kwamba anaondoka. Calvin alijua kwamba mama anayekufa anafikiri juu ya watoto wake, kwa hiyo bila kungoja aulizwe alimwahidi kuwatunza kama wake mwenyewe. Idelette akamjibu kwamba amekwisha kuwaweka mikononi mwa Mungu. Wachungaji wakaja kuomba karibu naye. Sauti ilipomwishia, Calvin alisema naye juu ya neema ya Kristo, tumaini la uzima wa milele na miaka waliyoishi pamoja, akaomba. Idelette alilala tarehe 29, kwa utulivu hata waliokuwapo hawakutambua vizuri dakika ile.

Siku chache baadaye Calvin aliwaandikia rafiki zake, Guillaume Farel na Pierre Viret. Hakuficha machozi. Aliandika kwamba amepoteza mwenzi bora wa maisha yake, ambaye hakumzuia hata mara moja katika kazi ya Mungu, na kwamba bila msaada wa Bwana na wa marafiki asingeweza kusimama. Viret alielewa, kwa sababu naye alifiwa na mke mwaka wa 1546, na wakati ule Calvin ndiye aliyemwita aje Genève apumzike na kufarijiwa.

Mwaka wa 1550 Calvin alitoa maelezo yake ya Waraka wa Pili kwa Wathesalonike kwa heshima ya Benoît Textor, mganga aliyemtunza Idelette. Mgonjwa hakupona, lakini shukrani haikukosa. Mwaka wa 1555 mchungaji mmoja wa Wafaransa huko Frankfurt, Richard Vauville, alifiwa na mke. Calvin alimwandikia kwamba anaujua uzito wa kidonda kile kwa sababu amekionja yeye mwenyewe. Hakuoa tena mpaka alipokufa, tarehe 27 mwezi wa tano mwaka wa 1564.

Tunaona hapa yale ambayo Paulo anawafundisha Wakorintho katika waraka wa pili, sura ya kwanza: faraja tunayoipokea kwa Mungu ni ya kupeleka kwa wengine. Viret alipokea, kisha akatoa. Calvin alipokea, kisha akatoa.

Kwetu kilio kinajaa watu siku za kwanza. Matanga yakiisha, mjane anabaki peke yake, na mara nyingine jamaa ya marehemu wanakuja kuchukua nyumba na shamba. Tena mwanaume aliyefiwa anaambiwa asilie. Calvin, aliyesifiwa kuwa mtu mgumu, alilia na kuwaandikia marafiki. Basi tuwatembelee wajane hata baada ya mwezi wa tatu na wa sita. Tuwaulize juu ya watoto kabla hawajatuomba. Tusimpite mjane kwa sababu anasali katika kanisa lingine, kwa maana kama Calvin angemfungia mlango Mwanabaptisti, asingempata Idelette.

Mungu wa faraja yote awe pamoja na kila aliyefiwa kati yetu. Amina.