Baden-Powell na Vitabu vya Ishara



Wengi mnajua mazoea yangu ya kukusanya vitabu vya kale vilivyofundishia askari mawasiliano: herufi za Morse, ishara za bendera, simu za waya. Kila nirudipo Kiriba, wapo wanaonicheka na kuuliza karatasi zilizoliwa na mende zina faida gani. Jibu langu ni maisha ya mtu mmoja.

Robert Baden-Powell alizaliwa London tarehe 22 Februari, 1857. Mwaka 1876 aliingia jeshi la Uingereza, akapelekwa Bara Hindi katika kikosi cha wapanda farasi. Huko aliwafundisha askari upelelezi, yaani kusoma nyayo na kuleta habari za kweli, na mwaka 1884 akatoa kitabu juu ya kazi hiyo. Kingine, Aids to Scouting, kilitoka mwaka 1899, naye amezingirwa na Makaburu mjini Mafeking, Afrika Kusini. Mji ulizingirwa siku 217. Humo wavulana walipewa kazi ya kupeleka barua, wengine kwa baiskeli.

Aliporudi Uingereza mwaka 1903 alikuta walimu wanakitumia kitabu chake cha askari kufundishia watoto. Basi akakifikiria upya. Mwaka 1907 alipiga kambi na wavulana kisiwani Brownsea, na mwaka 1908 akatoa Scouting for Boys. Morse na bendera zilibaki, lakini sasa kwa ajili ya kusaidia watu. Ndiyo asili ya skauti.

Hata hivyo tusimfanye malaika. Mwaka 1896, katika vita vya Wamatabele, aliunda mahakama ya kijeshi iliyomhukumu chifu Uwini, naye akapigwa risasi. Uchunguzi wa jeshi ulimwondolea lawama. Kule Mafeking chakula cha Waafrika kilipunguzwa kuliko cha Wazungu, na wengi walikufa njaa. Vitabu vyangu hufundisha namna ya kufikisha amri. Havifundishi kupima kama amri hiyo ni ya haki. Mimi mtumishi wa serikali hulikumbuka jambo hilo kila nipokeapo waraka.

Mwaka 1938 alihamia Nyeri, Kenya, akafariki huko tarehe 8 Januari, 1941. Juu ya kaburi lake imechorwa duara yenye nukta katikati. Skauti huiacha alama hiyo njiani, maana yake amekwenda nyumbani.

Kwa hiyo, vijana, mkipata kitabu cha kale msikitupe, wala msikisujudie. Kisomeni, kisha mwulize kilimtumikia nani. Na kama nyumbani kwenu mna kijitabu kilichoachwa na mzee aliyetumikia KAR, tafadhali kisiwe cha kufungia karanga. Kileteni kwenye mkutano wetu ujao, tukisome pamoja.