Kijana wa magongo aliyerusha ndege kwa mpira

Tuseme uko Shinyalu na parseli yako imefika Kakamega mjini. Umeifuata na bodaboda, umeifungua mezani, na ndani hakuna ndege. Kuna vipande vya balsa, mbao nyepesi kutoka Ecuador ambazo ukizishika unadhani umeshika bua kavu la mahindi. Kuna mbavu za bawa zilizokatwa tayari, vijiti virefu, na mchoro mkubwa wa kutandaza chini ukipanga vipande juu yake. Injini, betri na rimoti utanunua kando. Hapo ndipo wasee wengi hukwama, wanahesabu bei ya rimoti na kufikiri ndiyo itakayoirusha.

Sivyo. Rimoti inaiambia ndege ielekee wapi. Kinachoifanya itulie hewani bila kupindukapinduka ni umbo la hizo mbao zako: bawa limekaaje, mkia umeinama kiasi gani, uzito uko wapi. Na yule aliyeonyesha watu jambo hilo kwa macho yao alikuwa kijana wa miaka 21 aliyetembea kwa magongo. Jina lake Alphonse Pénaud. Ndege yake haikuwa na injini yoyote. Ilikuwa na mpira.

Alizaliwa Paris, Ufaransa, mwaka wa 1850. Baba yake alikuwa mkubwa katika jeshi la majini, cheo cha admirali, kwa hivyo njia ya kijana ilikuwa imeshachorwa: naye aende baharini. Lakini ugonjwa wa nyonga ukamshika. Jeshi halichukui mtu wa magongo. Basi, mlango ukafungwa, na wewe unajua vile inakuwa mtu akiulizwa kila siku sasa utafanya nini na maisha yako. Mimi niliyeacha chuo katikati naijua hiyo swali vizuri sana.

Pénaud akageukia hewa. Wakati huo waliotengeneza vindege vya majaribio walitumia upinde na kamba kuzungusha propela, na nguvu iliisha kabla kitu hakijaenda popote. Yeye akachukua ukanda wa mpira. Fikiria ule mpira wa tyubu unaotengenezea manati. Ukiuvuta na kuuachilia, nguvu yote inatoka kwa mpigo mmoja, pap, imeisha. Lakini ukiusokota mara nyingi halafu uuachilie, unajisokotoa polepole, na unaweza kuzungusha propela kwa sekunde kadhaa. Kitu kidogo tu, na hakuna aliyekuwa amekitumia kurusha ndege namna hiyo. Mwaka wa 1870 akatengeneza helikopta ndogo ya mpira iliyopanda juu yenyewe.

Mwaka uliofuata akaja na ile kubwa. Namaanisha kubwa kwa umuhimu, maana yenyewe ilikuwa na urefu wa sentimita 51, mabawa sentimita 45 kutoka ncha hadi ncha, na uzito wa gramu 16. Aliiita Planophore. Tarehe 18 Agosti 1871 aliwaita wanachama wa chama cha usafiri wa anga wakutane naye katika bustani ya Tuileries, Paris. Jiji lilikuwa limetoka kwa vita, na kasri la hapo Tuileries lilikuwa limechomwa moto Mei ya mwaka huo huo. Karibu na magofu hayo kijana akasokota mpira wake, akaachilia.

Ikapaa sekunde 11. Ikaenda karibu mita 60.

Usicheke. Mwingereza George Cayley alikuwa ameshaigusa siri ya mkia tangu 1804, lakini kindege chake kile kiliteleza tu, hakikuwa na nguvu yake chenyewe. Hiki cha Pénaud kilijisukuma na kikajinyoosha, bila mkono wa mtu kukigusa. Angalia alivyofanya. Mkia ameuinamisha kidogo kuliko bawa, kama nyuzi 8. Pua ikiinama, mwendo unaongezeka, hewa inaukandamiza mkia na pua inarudi juu. Pua ikipanda sana, mwendo unapungua, mkia unapoteza ule msukumo na pua inashuka yenyewe. Ncha za mabawa nazo akazikunja kuelekea juu, ili ndege ikilala upande mmoja ijiinue tena.

Sasa rudi kwa meza yako Shinyalu. Lile bawa la ndege ya kujifunzia ambalo mchoro unakuambia uliinue pande zote mbili kama herufi V iliyofunguka sana, unadhani ni urembo? Usilinyooshe ati ndiyo lipendeze. Na kabla hujaenda uwanjani, weka ncha za vidole viwili chini ya bawa, pale mchoro ulipotia alama. Ndege ikikaa sawa au pua ikiinama kidogo, uko salama. Mkia ukilemea, sogeza betri mbele, la sivyo utarudi nyumbani na mfuko wa njiti za kiberiti.

Mwaka wa 1876 Pénaud, pamoja na fundi aitwaye Paul Gauchot, walipata hataza ya ndege kamili ya kubeba watu. Soma hii na ukumbuke ni 1876: propela mbili zinazozunguka kinyume, magurudumu ya kukunjwa, uwezo wa kutua majini, kioo cha kumkinga rubani, na mkono mmoja wa kuendeshea mkia wote. Vitu hivi vingi vilikuja kuonekana angani miaka mingi sana baadaye.

Pesa hazikupatikana. Injini za mvuke za wakati huo zilikuwa nzito mno, wakosoaji walimsema, na mwili ulizidi kumsumbua. Mwaka wa 1880 akamwendea Henri Giffard, tajiri ambaye mwaka wa 1852 alikuwa amerusha puto la kwanza la injini ya mvuke. Ukidhani kuna mtu angemwelewa, ni huyo. Hakusaidiwa. Pénaud akaweka michoro yake ndani ya kisanduku kilichotengenezwa kama jeneza dogo, akakipeleka nyumbani kwa Giffard. Oktoba mwaka huo akajiua. Alikuwa na miaka 30.

Hapa sitapamba chochote. Kama wewe unayesoma umebeba mzigo wa aina hiyo, ongea na mtu leo, usingoje.

Ile helikopta yake ya mpira lakini ilikuwa imeshaigwa na kuuzwa kama mwanasesere. Mwaka wa 1878, huko Cedar Rapids, Iowa, Marekani, askofu mmoja, Milton Wright, alirudi kutoka safari na moja, ya gome, mwanzi na karatasi. Akaitupa hewani mbele ya wanawe. Wilbur alikuwa na miaka 11, Orville 7. Waliichezea mpaka ikavunjika, kisha wakaanza kujitengenezea zao, na tarehe 17 Desemba 1903 wakaruka na ndege yenye injini.

Siku askofu alipoirusha ile helikopta sebuleni, Pénaud alikuwa bado hai, na hataza ya ndege yake kubwa ilikuwa imekaa miaka miwili bila mtu wa kuilipia.