Mtakatifu Fransisko wa Assisi: Mfungaji Aliyejaa Furaha

Wapo waamini wanaodhani kwamba kufunga na kufurahi ni njia mbili zisizokutana: mwenye kufunga akunje uso, na mwenye kufurahi asahau toba. Maisha ya Mtakatifu Fransisko wa Assisi yanatufundisha vingine.

Fransisko alizaliwa nchini Italia mwaka 1181 au 1182, mtoto wa Pietro di Bernardone, mfanyabiashara tajiri wa vitambaa. Katika ujana wake alipenda karamu na nyimbo. Alipoongoka aliacha mali yote, lakini furaha hakuiacha. Aliitafutia chemchemi nyingine.

Alifunga sana. Mbali na Kwaresima ya Kanisa lote, kanuni ya Ndugu Wadogo, iliyothibitishwa na Papa Honorius III tarehe 29 Novemba 1223, iliwaagiza ndugu kufunga tangu sikukuu ya Watakatifu Wote hadi Noeli. Hata hivyo, mapokeo ya shirika yasimulia kwamba usiku mmoja ndugu fulani alilia akisema anakufa kwa njaa. Fransisko hakumkemea. Aliamka, akaandaa meza, akaanza yeye mwenyewe kula ili mwenzake asione haya. Kisha akawaasa ndugu wote kila mmoja apime nguvu zake, kwa maana Mungu ataka huruma kuliko sadaka.

Noeli aliiheshimu kupita sikukuu nyingine zote. Mwaka huohuo wa 1223, huko Greccio, aliandaa hori lenye nyasi, pamoja na ng'ombe na punda, Misa ikaadhimishwa hapo. Naye, akiwa shemasi, akaimba Injili. Alitamani siku hiyo maskini washibishwe na matajiri, ndege wamwagiwe nafaka, na ng'ombe na punda waongezewe chakula. Ndugu mmoja alipouliza kama inafaa kula nyama Noeli ikiangukia Ijumaa, Fransisko alimjibu kwamba siku aliyozaliwa Mtoto haifai kuitwa Ijumaa, na kwamba hata kuta, kama zingeweza, zingestahili kula nyama.

Mwaka 1224 alipanda mlima La Verna kufunga siku arobaini kwa heshima ya Malaika Mkuu Mikaeli, na huko akapokea Madonda Matakatifu. Mwaka uliofuata, akiwa mgonjwa na karibu kipofu, alitunga Wimbo wa Viumbe, akimsifu Mungu kwa ajili ya jua, maji na moto. Karibu na mwisho wake alikiri kwamba aliukosea mwili wake, ambao alizoea kuuita Ndugu Punda, kwa kuutesa kupita kiasi. Alifariki jioni ya tarehe 3 Oktoba 1226, na baada ya miaka miwili tu Papa Gregori IX akamtangaza mtakatifu.

Tujifunze basi. Mfungo unaotufanya tuwadharau wanaokula umepoteza shabaha yake. Na sikukuu inayomsahau maskini mlangoni ni shibe tu. Fransisko alijinyima ili moyo wake uwe na nafasi kwa Kristo, akafurahi kwa sababu Kristo alikuja kuijaza nafasi hiyo. Nasi tunapofunga tuulize nani atakula kile tulichojinyima. Na tunapofurahi tuulize nani bado hajakaribishwa mezani petu.

Mtakatifu Fransisko wa Assisi, utuombee.