Georgia O'Keeffe: Mwalimu aliyelikuza ua hadi jiji likasimama

Hebu jiulize, mara ya mwisho uliangalia ua kwa dakika nzima ilikuwa lini? Si kulipiga picha na simu ukaenda zako. Kuliangalia tu. Kama hukumbuki, hauko peke yako. Wakazi wa New York wa miaka ya 1920 walikuwa hivyo hivyo, mbio kila siku, hadi mwanamke mmoja akaamua kuwasimamisha.

Georgia O'Keeffe alizaliwa Novemba 15, 1887 kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa, Sun Prairie, jimbo la Wisconsin, Marekani. Utotoni yeye na dada zake walifundishwa kuchora kwa rangi za maji. Baadaye alisomea Chicago na New York, na mwaka wa 1908 akashinda tuzo kwa picha ya sungura aliyekufa kando ya chungu cha shaba.

Ungedhani sasa mambo yamenyooka, sivyo? Wapi! Aliona anaiga walimu wake tu, na nyumbani pesa zilikuwa zimekwisha. Akaacha. Alifanya kazi ya kuchora matangazo ya biashara Chicago, kisha surua ikamshika na kumsumbua macho. Karibu miaka minne ikapita bila picha yake mwenyewe.

Kilichomrudisha ni ualimu. Mwaka wa 1912, katika masomo ya likizo Virginia, alikutana na mafunzo ya Arthur Wesley Dow: kuchora si kunakili, ni kupanga mistari, rangi na nafasi ili karatasi nzima ipendeze. Mwaka huo huo akaenda Amarillo, Texas, kusimamia somo la kuchora katika shule za umma. Wakubwa walitaka watoto wanunue kitabu cha kuchora kilichoidhinishwa. Yeye akakataa katakata. Alitaka watoto wachore vitu wanavyoviona kwa macho yao.

Basi somo alilowapa watoto, akalichukua mwenyewe. Mwaka wa 1915, akifundisha South Carolina, aliweka rangi kando akachora kwa mkaa vitu vilivyokuwa kichwani mwake. Alimtumia rafiki yake michoro hiyo, naye akamwonyesha Alfred Stieglitz, mpiga picha mwenye ukumbi wa maonyesho New York. Stieglitz akaitundika bila hata kumwuliza mwenyewe! Georgia alikwenda kulalamika. Kumbe ndio mwanzo: walioana mwaka wa 1924.

Ni mwaka huo alipoanza kuchora maua makubwa, kwa rangi za mafuta. Hoja yake ilikuwa rahisi. Ua ni dogo, na watu wana haraka. Ukilichora dogo, hakuna atakayejali. Ukilikuza hadi lijaze turubai, hata mwenye haraka atashtuka na kusimama. Wakosoaji walidai maua hayo yana maana fiche za kimapenzi. Yeye alikana maisha yake yote.

Leo walimu wengi hutumia mtindo wake kufundisha watoto, tena kwa rangi za maji. Jaribu na mdogo wako. Chukua ua halisi, mliangalie kwanza. Chora kwa penseli, bila kukandamiza, ua kubwa kiasi kwamba petali zinatoka nje ya karatasi pande zote nne. Lowesha petali moja kwa maji safi, gusa rangi ukingoni, uiache itambae yenyewe. Usipake petali jirani kabla ya hiyo kukauka, la sivyo rangi zitavamiana. Mtoto akisema amekosea kwa sababu ua halijaenea, mwambie hapo ndipo amepatia.

Uzeeni macho yalimwishia Georgia kidogo kidogo, lakini hakuacha sanaa. Alijaribu hata ufinyanzi. Alifariki Machi 6, 1986 mjini Santa Fe, akiwa na miaka 98. Mwaka wa 2014, picha yake ya mwaka wa 1932 ya ua jeupe la gugu lenye sumu iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 44, bei ambayo wakati huo haikuwa imefikiwa na kazi ya msanii yeyote wa kike mnadani. Gugu, ndugu yangu. Lile ambalo wengi wangelipita njiani bila kugeuka.