Paganini: Gwiji wa fidla aliyeuachia mji wake Mzinga

Na Mwandishi Wetu

MWAKA 1851, Achille Paganini aliikabidhi serikali ya mji wa Genoa, katika nchi ambayo leo ni Italia, fidla moja iliyochakaa rangi. Hakuwa akiuza, wala hakuwa akitoa zawadi yake mwenyewe. Alikuwa akitekeleza wosia wa baba yake, Niccolò Paganini, aliyefariki dunia miaka 11 kabla ya siku hiyo na ambaye mwili wake ulikuwa bado haujapata pa kupumzika katika makaburi ya umma.

Huyo ndiye mpiga fidla ambaye jina lake limekuwa kipimo cha ufundi wa ala hiyo kwa karibu karne mbili. Wengi wanafahamu kasi ya vidole vyake na uvumi kwamba alikuwa ameuza roho kwa shetani. Wachache wanafahamu kwamba maisha yake yote ya utu uzima yalifungamana na kipande kimoja cha mbao, na kwamba kwa hicho alionyesha uaminifu ambao hakuuonyesha kwa mambo mengine mengi.

Paganini alizaliwa Genoa Oktoba 27, mwaka 1782, katika familia isiyo na utajiri. Baba yake, Antonio, aliyehangaika na biashara ndogo ndogo za bandarini, alipenda muziki na alimfundisha mwanawe kupiga mandolini akiwa bado mdogo sana. Alipofikisha miaka saba hivi, mtoto huyo alihamia kwenye fidla. Malezi yalikuwa makali. Alishinda ndani akifanya mazoezi kutwa nzima, na baba hakuwa na huruma pale aliposhuku uvivu.

Mwaka 1795 alipelekwa Parma kutafuta walimu wakubwa zaidi. Aliporejea, kipaji chake kilikuwa kimepevuka, na mwaka 1801 aliondoka kwenda mji wa Lucca kujitegemea. Hapo ndipo uhuru ulipomponza. Kijana aliyelelewa chini ya mkono wa chuma alijikuta na fedha mfukoni bila mtu wa kumuuliza, akazama katika kamari. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na kwake haikuwa fedha tu iliyokwisha. Alifika mahali pa kupoteza hata fidla aliyokuwa akiitegemea kwa riziki.

Inasimuliwa kwamba alifika katika mji wa bandari wa Livorno akiwa ameahidi kupiga muziki lakini hana ala. Mfanyabiashara mmoja Mfaransa, Livron, aliyekuwa mpenzi mkubwa wa muziki, alimwazima fidla yake mwenyewe. Baada ya onyesho, Paganini alipotaka kuirudisha, mwenye mali alikataa kuipokea. Aliona kuwa baada ya kuisikia mikononi mwa kijana yule, yeye hakustahili tena kuigusa.

Fidla hiyo ilikuwa imetengenezwa mwaka 1743 katika mji wa Cremona na Giuseppe Guarneri, fundi aliyejulikana kwa jina la del Gesù kutokana na alama ya Yesu aliyoiweka kwenye lebo za kazi zake. Guarneri alifariki mwaka uliofuata. Cremona ndio mji huo huo wa Antonio Stradivari, aliyefariki mwaka 1737. Lakini kazi za mafundi hao wawili hazifanani. Stradivari anasifiwa kwa unadhifu wa mkono na utamu wa sauti. Guarneri, hasa katika miaka yake ya mwisho, alichonga kwa haraka na kwa ujasiri, na ala zake zina sauti nzito yenye nguvu. Paganini aliipenda nguvu hiyo kiasi cha kuiita fidla yake Cannone, yaani Mzinga.

Hata hivyo, mapenzi hayo yalijaribiwa. Inaelezwa kwamba wakati mmoja mtu wa ukoo wa kifalme aliitamani fidla hiyo na kutoa faranga 2,000. Paganini, aliyekuwa amekaukiwa kwa ajili ya kamari, alikaribia kukubali. Akiwa amebakiwa na faranga 30 tu, aliziweka mezani kwa mara ya mwisho, akashinda 160. Fedha hizo ziliiokoa fidla. Masimulizi hayo yanasema kuwa tangu hapo aliiona kamari kwa jicho jingine, kwani ilikuwa imemfikisha kwenye ukingo wa kuuza kitu alichopewa kwa heshima.

Umaarufu wake ulikua hatua kwa hatua. Mwaka 1805 alianza kutumika mbele ya Elisa, dada yake Napoleon, aliyetawala Lucca, na huko alitunga vipande vya kupigwa kwenye uzi mmoja tu wa fidla. Mwaka 1813 aliitikisa Milan katika ukumbi wa La Scala, na mwaka 1820 vipande vyake 24 vya fidla peke yake vilichapishwa. Mwaka 1828 aliingia Vienna, na mwaka 1831 Paris na London. Kote huko watu walilipa viingilio vikubwa kumwona mtu mwembamba, aliyepauka uso, akiutoa Mzinga katika sanduku lake.

Pamoja na sifa ulikuja uvumi. Ilidaiwa kuwa aliwahi kufungwa kwa kumuua mpenzi wake, na kwamba nyuzi za fidla yake zilisokotwa kwa utumbo wa marehemu. Kwa kweli nyuzi za wakati ule zilitengenezwa kwa utumbo wa kondoo. Mwaka 1831 alilazimika kukanusha kwa barua katika gazeti la Paris.

Kisa kingine cha Paris kinaonyesha jinsi alivyoijua ala yake. Mwaka 1833 aliipeleka kwa fundi maarufu Jean-Baptiste Vuillaume ifanyiwe matengenezo. Vuillaume alitumia nafasi hiyo kutengeneza nakala. Inasimuliwa kwamba fidla hizo mbili zilipowekwa mbele yake, Paganini hakuweza kuzitofautisha kwa macho, na aliitambua ya kwake pale tu alipozipiga. Nakala hiyo ilikwenda baadaye kwa mwanafunzi wake, Camillo Sivori, mzaliwa wa Genoa.

Paganini hakuwa mtu wa ala moja. Alipiga gitaa kwa umahiri na kulitungia vipande vingi, na alikusanya ala nne za Stradivari, yaani fidla mbili, viola na selo. Ala hizo nne zilinunuliwa pamoja mwaka 1994 na Taasisi ya Muziki ya Nippon ya Japani. Aidha, ingawa alisemwa kuwa bahili, Desemba 1838 alimtunuku mtunzi Hector Berlioz faranga 20,000 zilizomwokoa katika shida. Lakini katika mali zote hizo, ni Mzinga peke yake alioutengea fungu la pekee katika wosia wa mwaka 1837. Aliagiza upewe mji wa Genoa ili uhifadhiwe daima.

Maradhi yalimwandama. Alitibiwa kwa zebaki, meno yakang'oka, na hatimaye sauti ikamkauka, akawa anawasiliana kwa maandishi. Alifariki Nice Mei 27, 1840, akiwa na miaka 57, bila sakramenti za mwisho. Askofu wa huko alikataa azikwe katika ardhi takatifu. Jeneza likahamishwa huku na huko kwa miaka mingi, na ni mwaka 1876 tu lilipolazwa katika makaburi ya Parma.

Mzinga ulitangulia kupata makao. Unahifadhiwa katika jumba la Doria-Tursi, Genoa, na ile nakala ya Vuillaume nayo iliishia katika mji huo huo. Wosia uliagiza uhifadhiwe, lakini fidla isiyopigwa ni samani tu. Ndiyo maana wasimamizi wake huitoa mara chache, chini ya ulinzi, na mashindano ya kimataifa ya Tuzo ya Paganini yaliyoanza mwaka 1954 yameliwezesha kundi dogo la vijana washindi kuishika.

Wanaoishika hukuta rangi imelika pale kidevu cha Paganini kilipoegemea, kwa kuwa enzi zake hakutumia kipande cha kukingia kidevu. Kwa saa chache nao huwa katika nafasi aliyokuwa nayo yeye Livorno, ya kupiga ala ya kuazima. Tofauti ni moja tu. Wao, jioni ikifika, hawana budi kuirudisha.