Abdallah Susi, aliyefundishwa safari na njia za Kabambare

Mkaaji wa Kabambare anayetaka kufika Kasongo hapangi safari kwa kuangalia ramani peke yake. Anauliza kwanza kama mvua imenyesha, kama mto Luama umejaa, na ni kijiji gani njiani kina chakula. Zaidi ya miaka 150 iliyopita, mgeni mmoja kutoka bonde la Zambezi alijifunza kuuliza maswali hayo hayo hapa Maniema. Jina lake Abdallah Susi. Wengi wamesikia habari za bwana wake, Mskoti David Livingstone. Wachache wanajua kwamba bila Susi na wenzake, mwili wa Livingstone haungefika pwani.

Kutoka Shupanga mpaka India

Susi alitoka Shupanga, kando ya mto Zambezi, katika nchi ambayo leo ni Msumbiji. Mwaka wa 1863 aliandikwa kazi na Livingstone, mwenye meli ndogo iliyoitwa Lady Nyassa. Mwaka uliofuata alikuwa kati ya mabaharia walioivusha meli hiyo kutoka Zanzibar mpaka Bombay, India. Huko alibaki akifanya kazi bandarini.

Livingstone aliporudi Afrika mwaka wa 1866, Susi alikuwa pamoja naye. Alikuwapo pia James Chuma, kijana Myao aliyeokolewa mikononi mwa wauza watumwa mwaka wa 1861. Majina ya hao wawili yangetajwa pamoja maisha yao yote.

Lakini Susi hakuwa mtu wa kukubali kila neno. Mwaka wa 1868, Livingstone alipotaka kwenda ziwa Bangweulu wakati watu wamechoka, wengi wao walikataa, na Susi na Chuma walikuwa kati yao. Alikwenda na watu watano tu. Aliporudi, Livingstone aliwapokea tena.

Mwaka mmoja na nusu Kabambare

Msafara ulitoka Ujiji mwezi wa saba 1869, ukavuka ziwa Tanganyika na kuingia nchi ya Manyema. Tarehe 21 mwezi wa tisa ulifika Kabambare, mahali ambapo Livingstone aliandika kwa jina la Bambarre.

Mpango wake ulikuwa mkubwa. Aliamini kwamba Lualaba ndiyo sehemu ya juu ya mto Nile. Alitaka kuufikia mto huo, kununua mtumbwi, kuteremka ili ajue unakokwenda, kisha kupanda mpaka kwenye kilima alichosikia habari zake, upande wa Katanga, chenye chemchemi nne miguuni pake. Kwenye karatasi mpango huo ulionekana mwepesi. Kwenye udongo wa Maniema ulivunjika mara tatu.

Mara ya kwanza, mwishoni mwa 1869, walikwenda upande wa magharibi mpaka mto Luama, karibu na mahali unapoingia Lualaba. Wenye mitumbwi waliwakatalia. Watu wa pale walikuwa wamekwisha kuona misafara ya wafanya biashara ya pembe na watumwa, na hawakuwa na sababu ya kuamini mgeni. Wakarudi Kabambare.

Mara ya pili walijaribu upande wa kaskazini. Mvua ziliwakuta porini, njia ikawa matope na maji, nyasi zikawapita urefu, na magonjwa yakawasimamisha kwa miezi.

Mara ya tatu ilikuwa mwezi wa sita 1870. Safari hii wapagazi walikataa kwenda. Waliobaki na Livingstone ni watu watatu tu: Susi, Chuma na Gardner. Susi, aliyekuwa amekataa safari ya Bangweulu, sasa alikubali. Baada ya majuma machache miguu ya Livingstone ilitoka vidonda vikubwa, na wote wanne wakarudi Kabambare mwezi wa saba. Kwa siku karibu 80 mzungu hakuweza kutembea. Walikaa hapo mpaka mwezi wa pili 1871, watu wengine walipofika kutoka pwani.

Ndipo walipoweza kwenda Nyangwe, kando ya Lualaba, kaskazini-magharibi mwa Kasongo. Safari hiyo iliwachukua karibu majuma sita. Huko pia mitumbwi ilikosekana. Tarehe 15 mwezi wa saba 1871, watu wa wafanya biashara walifyatua bunduki sokoni Nyangwe, siku ya soko, na watu mamia waliuawa au kuzama mtoni, wengi wao wanawake. Livingstone aliacha mpango wake na msafara ukarudi Ujiji. Hakujua kamwe kwamba Lualaba haiendi Misri, bali ni mto Kongo wenyewe.

Safari iliyopangwa na Susi

Livingstone alikufa mwanzoni mwa mwezi wa tano 1873 katika kijiji cha chifu Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Walikuwa watu karibu 60, mbali sana na pwani, na hapakuwa na mzungu wa kuwaambia la kufanya. Wangeweza kuzika na kwenda zao. Susi na Chuma, waliokubaliwa na wenzao kuwa viongozi, waliamua kuupeleka mwili na vitabu vyake mpaka Zanzibar.

Walizika moyo chini ya mti, wakaukausha mwili juani kwa majuma mawili, wakaufunga kwa nguo na maganda ya mti. Kisha wakachagua njia. Mwanzoni magonjwa yaliwashika wengi, wakasimama karibu mwezi mzima badala ya kulazimisha watu kutembea. Walivuka mto Luapula magharibi mwa Bangweulu. Walipokaribia ziwa Tanganyika hawakufuata ukingo wake, kwa sababu walikuwa wamepita huko na walijua jinsi milima yake inavyomaliza nguvu za wapagazi. Walikaa mbali na ziwa, wakakata moja kwa moja katika nchi ya juu ya mashariki.

Mwezi wa kumi walifika Unyanyembe, karibu na Tabora, wakamkuta ofisa Mwingereza Verney Lovett Cameron. Yeye aliwashauri wazike mwili hapo hapo. Walikataa. Mbele, huko Kasekera, wenyeji hawakutaka maiti ipite nchini mwao. Wasafiri walitengeneza mzigo wa mabua wenye sura ya maiti, wakawatuma watu waubebe kama wanaurudisha nyuma, kumbe mwili wa kweli umefungwa kama mzigo wa kitambaa cha biashara. Wale waliobeba mabua waliyatupa porini usiku.

Walifika Bagamoyo mwezi wa pili 1874, baada ya zaidi ya kilometa 1,600. Mwili ulipakiwa melini. Livingstone alipozikwa London tarehe 18 mwezi wa nne, Susi na Chuma hawakuwapo, kwa kuwa hakuna aliyewalipia nauli kwa wakati. Rafiki mmoja wa marehemu aliwaleta Uingereza baadaye mwaka huo, na wakasaidia kufafanua maandishi ya safari kabla ya kuchapwa kitabu. Walipewa medali.

Mpaka Kinshasa

Kuanzia mwaka wa 1879 Susi alifanya kazi na Stanley upande wa chini wa mto Kongo, akiwa kiongozi wa Wazanzibari. Kazi hiyo ndiyo iliyofungua kituo cha Léopoldville, Kinshasa ya leo, na iliandaa njia ya utawala wa mfalme Leopold, ambao wazee wetu waliulipia kwa damu. Susi hakuishi kuona mwisho wake.

Alirudi Zanzibar, akabatizwa mwaka wa 1886 kwa jina la David, na alikufa huko mwaka wa 1891. Mto ambao bwana wake alishindwa kuufuata kutoka Nyangwe, Susi aliuona pande zote mbili, Maniema na Kinshasa.